Hans Peter Luhn: Mvumbuzi aliyeifundisha namba kujikagua

Chukua simu yako, iwe kitochi au simu janja, kisha bonyeza *#06#. Kwenye kioo itatokea namba ndefu yenye tarakimu 15, inayojulikana kama IMEI. Hiyo ndiyo namba ya utambulisho wa simu yenyewe, si ya laini. Tarakimu 14 za mwanzo zinaitambulisha simu hiyo kati ya simu zote duniani. Tarakimu ya 15, ile ya mwisho kabisa, haina habari yoyote mpya. Imewekwa pale ili kuzikagua zile 14 zilizoitangulia.

Kanuni inayotumika kuipata tarakimu hiyo ya mwisho ilibuniwa na mtu aliyefariki dunia mwaka 1964, miaka mingi kabla simu ya mkononi haijaingia sokoni. Mtu huyo aliitwa Hans Peter Luhn. Mwaka mmoja kabla ya kuitolea maombi kanuni hiyo, alikuwa tayari ameandika wazo jingine kubwa zaidi, ambalo leo wataalamu wanaliita hashi, na ambalo limejengwa ndani ya chipu za simu, kadi za benki na kompyuta.

Katika makala haya tunaeleza maisha yake, kazi yake, na namna mawazo yake yanavyogusa simu iliyo mkononi mwako.

Mtoto wa mchapishaji

Hans Peter Luhn alizaliwa tarehe 1 Julai 1896 katika mji wa Barmen, magharibi mwa Ujerumani. Leo Barmen si mji unaojitegemea tena. Ni sehemu ya jiji la Wuppertal. Eneo hilo lilikuwa na viwanda vingi vya nguo na nyuzi, na jambo hilo tutalirudia hapo mbele.

Baba yake alikuwa mchapishaji. Kama ilivyo katika familia nyingi zenye kazi ya mikono, ilitarajiwa kwamba kijana ataifuata kazi ya baba. Alipomaliza shule alipelekwa Uswisi kujifunza uchapishaji ili arudi nyumbani kuendeleza biashara ya familia.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, mipango hiyo ilivurugika. Luhn aliingia katika jeshi la Ujerumani na kufanya kazi kama ofisa wa mawasiliano. Hatusemi kwamba vita ndivyo vilivyomfanya mvumbuzi, lakini katika kazi ya mawasiliano herufi moja ikikosewa, ujumbe mzima unaweza kupotea. Tatizo hilo la kosa dogo linaloharibu jambo kubwa ndilo atakalokuja kulishughulikia akiwa mtu mzima.

Kutoka uchapishaji hadi vitambaa

Baada ya vita Luhn hakurudi kwenye uchapishaji. Aliingia katika biashara ya nguo, na biashara hiyo ndiyo iliyomfikisha Marekani katika miaka ya 1920. Huko ndiko alikoishi na kufanya kazi hadi mwisho wa maisha yake.

Uvumbuzi wake wa kwanza kujulikana ulihusu vitambaa. Ubora wa kitambaa hupimwa pia kwa idadi ya nyuzi katika kipande cha urefu fulani. Kuhesabu nyuzi moja moja kwa kioo cha kukuzia kunachosha macho, na mtu akipoteza hesabu hulazimika kuanza upya. Luhn alitengeneza kipimo chembamba kinachopitisha mwanga, kilichochorwa mistari mingi. Ukikilaza juu ya kitambaa, mistari ya kipimo na nyuzi za kitambaa hupishana na kutengeneza umbo kama la nyota au msalaba, na mahali umbo hilo linapotokea ndipo unaposoma idadi ya nyuzi. Huna haja ya kuhesabu. Kipimo hicho alikiita Lunometer, na kiliendelea kuuzwa miongo mingi baada ya kifo chake.

Tunakitaja kifaa hicho kwa sababu kinaonyesha akili ya Luhn ilivyokuwa. Aliona watu wanateseka kwa kazi ya kurudiarudia, akatafuta njia ya kuifanya kazi hiyo ijifanye yenyewe. Hakupenda mambo makubwa yenye gharama. Alipenda kifaa kidogo na rahisi, kinachoweza kutumiwa na mtu asiye mtaalamu.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi kama mhandisi wa kujitegemea, akiuza ushauri na uvumbuzi wake. Alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa vitu vya kila namna: koti la mvua linalokunjika, kifaa cha kunyooshea soksi za wanawake, meza ya michezo, hata mwongozo wa kumwonyesha mtu ni vinywaji gani vya kulewa anavyoweza kuchanganya kwa chupa alizo nazo nyumbani. Mwongozo huo unaweza kuonekana kama mchezo tu, lakini swali lake ni lile lile ambalo mashine za kutafuta taarifa hujibu leo: katika orodha ndefu, nipe vile tu vinavyolingana na nilichonacho.

Katika maisha yake yote Luhn alipata hataza zaidi ya 80.

Kuajiriwa IBM

Mwaka 1941 Luhn aliajiriwa na kampuni ya IBM ya Marekani. Wakati huo IBM ilijulikana kwa mashine za kadi zenye matundu. Kadi hizo zilikuwa za karatasi ngumu. Kila tundu lilikuwa na maana yake, na mashine ilizisoma kwa kutambua matundu yalipo. Benki, reli, serikali na viwanda viliweka kumbukumbu zao katika kadi hizo, mamilioni kwa mamilioni.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanakemia wawili, James Perry na Malcolm Dyson, waliifikia IBM wakiwa na tatizo. Idadi ya michanganyiko ya kemikali iliyokuwa imechunguzwa ilikuwa imekua mno. Mtafiti aliyetaka kujua kama mchanganyiko fulani umeshachunguzwa alilazimika kupekua rundo la maandishi. Je, mashine inaweza kumsaidia?

Luhn alipewa kazi hiyo, na hapo ndipo alipopata njia yake ya kudumu. Alibuni mashine ya kukagua kadi kwa kutumia mwanga na vifaa vya umeme, mashine iliyoweza kulinganisha maelezo yaliyotafutwa na yale yaliyomo kwenye kadi bila kulazimisha kila jambo likae mahali pamoja maalumu. Watu wa wakati huo waliiita mashine ya Luhn. Haikuenea sana, lakini ilimfundisha kwamba kuhifadhi taarifa ni rahisi kuliko kuipata tena unapoihitaji.

Wazo la ndoo

Januari 1953 Luhn aliandika maelezo ya ndani kwa wenzake wa IBM. Hayakuwa kitabu wala makala ya kuchapishwa. Yalikuwa mapendekezo ya kazini. Ndani yake kulikuwa na njia mpya ya kupanga taarifa ili zipatikane haraka. Luhn alipendekeza taarifa ziwekwe katika vikapu vya kufikirika ambavyo wataalamu waliviita ndoo.

Tulieleze wazo hilo kwa mfano wetu. Chukua chama cha ushirika chenye wanachama elfu kadhaa, na kila mwanachama ana stakabadhi zake. Karani akizirundika stakabadhi zote mahali pamoja, mkulima akifika itabidi apekue rundo zima. Akizipanga kwa kufuata namba, kila stakabadhi mpya italazimisha nyingine zisogezwe.

Njia ya Luhn ni nyingine. Tuseme namba ya mwanachama ni 314257. Igawe mbili mbili: 31, 42, 57. Jumlisha tarakimu za kila jozi: 3 na 1 ni 4, 4 na 2 ni 6, 5 na 7 ni 12. Katika 12 chukua tarakimu ya mwisho tu, yaani 2. Unapata 462. Basi stakabadhi za mwanachama huyo ziweke kwenye ndoo namba 462. Kesho akirudi, karani hapekui chochote. Anapiga hesabu ile ile, anapata 462, anakwenda moja kwa moja kwenye ndoo hiyo.

Huenda mwanachama mwingine naye akaangukia ndoo ya 462. Hilo si tatizo kubwa, kwa sababu ndoo moja itakuwa na watu wachache tu, na kuwapekua wachache ni kazi ya muda mfupi. Jambo la msingi ni kwamba namba ndefu imekatwakatwa na kuchanganywa hadi ikawa namba fupi, na namba hiyo fupi ndiyo inayokuelekeza mahali.

Kukatakata huko ndiko kulikoipa njia hiyo jina lake. Neno la Kiingereza lililozaa hashi ni la jikoni. Ni chakula kilichokatwa vipande vidogo na kuchanganywa. Jina hilo lilienea katika maandishi ya wataalamu mwishoni mwa miaka ya 1960, Luhn akiwa ameshafariki. Tena hakuwa peke yake. Wenzake wengine wa IBM walifikia mawazo ya karibu katika miaka hiyo hiyo, na huko Urusi ya Kisovieti mtaalamu Andrei Ershov alifikia njia inayofanana kwa juhudi zake mwenyewe. Lakini maelezo ya Luhn ya Januari 1953 ndiyo yanayotajwa kuwa ya mwanzo.

Kifaa cha kukagua namba

Tarehe 6 Januari 1954 Luhn aliwasilisha maombi ya hataza ya kifaa kidogo cha kukagua namba, ambacho mtu angeweza kukishika mkononi. Hakikutumia umeme. Kilikuwa na magurudumu yenye tarakimu. Mtu alizungusha magurudumu kufuata namba aliyopewa, na kifaa kikamwonyesha kama namba ni sahihi au ina kosa. Hataza ilitolewa tarehe 23 Agosti 1960.

Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ya kawaida sana. Watu wanapoandika au kusomeana namba ndefu hukosea. Makosa mawili hutokea mara nyingi kuliko mengine: kuandika tarakimu moja badala ya nyingine, na kubadilishana nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani, kwa mfano kuandika 54 badala ya 45.

Ukijumlisha tu tarakimu zote, kosa la kwanza utaliona, lakini la pili halionekani, kwa sababu 4 na 5 ni 9, na 5 na 4 ni 9. Luhn akaongeza hatua moja: kabla ya kujumlisha, kila tarakimu ya pili izidishwe mara mbili.

Tuifuate kwa mfano. Namba yetu ni 2745. Tunataka tarakimu ya ukaguzi ya kuiweka mwishoni. Anza kulia. Ile 5 izidishe mara mbili, unapata 10. Kwa kuwa imezidi 9, jumlisha tarakimu zake, 1 na 0, unapata 1. Ile 4 iache ilivyo. Ile 7 izidishe mara mbili, unapata 14. 1 na 4 ni 5. Ile 2 iache ilivyo. Sasa jumlisha 1, 4, 5 na 2. Jumla ni 12. Kufika 20 inahitajika 8, basi 8 ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Namba kamili inakuwa 27458, na jumla yake ni 20, inaishia na sifuri. Hiyo ndiyo alama ya namba safi.

Sasa mtu akikosea akaandika 27548, jumla itakuwa 28. Haiishii na sifuri, kosa limeonekana. Akiandika 27358, jumla itakuwa 19. Kosa limeonekana tena. Mashine haihitaji kuuliza popote wala kutafuta kwenye orodha yoyote. Namba inajisema yenyewe kwamba imeharibika.

Kanuni hii hutambua kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana tarakimu jirani. Inalo pengo moja: 09 ikigeuzwa kuwa 90, au 90 kuwa 09, haioni tofauti. Hata hivyo ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi, na urahisi huo ndio ulioifanya idumu. Leo inatumika katika namba za kadi za benki, katika IMEI za simu, na kwa kawaida hata katika namba ndefu iliyochapwa kwenye kadi ya laini.

Mashine zinazosoma

Miaka yake ya mwisho kazini Luhn aliitumia kutafuta namna ya kuifanya kompyuta ishughulike na maneno, wakati wengi waliiona kama mashine ya hesabu tu. Mwaka 1958 alichapisha katika jarida la IBM makala mbili zilizopata umaarufu. Ya kwanza ilieleza jinsi kompyuta inavyoweza kutengeneza muhtasari wa makala: ihesabu maneno yanayojirudia, iache yale ya kawaida mno, kisha ichague sentensi zenye maneno muhimu yaliyokaa karibu karibu. Ya pili ilieleza mfumo wa kumfikishia kila mfanyakazi taarifa zinazomhusu yeye, bila kumlemea na nyingine.

Alibuni pia faharasa iliyopanga vichwa vya makala kwa kila neno muhimu lililomo, huku neno likionekana pamoja na maneno yanayolizunguka. Wanakemia, wale wale ambao wenzao walimletea shida miaka kumi nyuma, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kunufaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chapisho la kuorodhesha makala za kemia lilikuwa likitengenezwa kwa njia hiyo.

Luhn alistaafu IBM mwaka 1961. Mwaka 1964 alikuwa rais wa chama cha wataalamu wa nyaraka na taarifa wa Marekani. Tarehe 19 Agosti mwaka huo alifariki dunia huko Armonk, katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 68. Miaka minne baadaye, mwaka 1968, maandishi yake yaliyochaguliwa yalikusanywa na kutolewa kama kitabu.

Kosa na mwizi ni vitu viwili

Hapa tunahitaji kueleza jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Kanuni ya Luhn inakulinda dhidi ya kosa. Haikulindi dhidi ya mwizi. Mtu anayetaka kughushi namba anaweza kupiga hesabu tuliyoipiga hapo juu na kupata tarakimu sahihi ya mwisho kwa dakika moja. Namba ikipita ukaguzi wa Luhn maana yake ni kwamba imeandikwa vizuri tu, wala haithibitishi kwamba ni ya kweli.

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walionyesha kwamba kompyuta zinaweza kutiliana sahihi za kidijitali. Kazi hiyo ilihitaji hashi ya aina nyingine, hashi ya njia moja. Kutoka kwenye maandishi hadi kwenye hashi iwe rahisi, lakini kurudi nyuma isiwezekane. Na isiwezekane kwa mtu yeyote kutafuta maandishi mawili tofauti yenye hashi moja. Ile ndoo ya Luhn iliyoruhusu watu wawili kukutana sasa haitakiwi kukutanisha mtu yeyote.

Kazi hiyo imekuwa ngumu. Hashi iliyoitwa MD5, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilivunjwa mwaka 2004 na watafiti wa China wakiongozwa na Wang Xiaoyun. Iliyoitwa SHA-1, ya mwaka 1995, ilivunjwa hadharani mwaka 2017. Inayotumika sana sasa ni SHA-256, iliyotangazwa kwa mara ya kwanza na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 2001. Yenyewe bado imesimama.

Kutoka magurudumu hadi chipu

Luhn alijenga kanuni yake kwa magurudumu. Wahandisi wa leo wanazijenga hashi kwa saketi ndogo mno zilizochorwa juu ya kipande cha silikoni. Kwa nini wahangaike, wakati programu ya kawaida inaweza kuifanya hesabu hiyo? Sababu ni kasi, usalama na betri. Saketi iliyojengwa kwa kazi moja hutumia umeme kidogo kuliko programu inayoendeshwa na kompyuta nzima.

SHA-256 huchukua taarifa na kuikata vipande vya biti 512. Kila kipande hupitishwa katika mizunguko 64. Katika kila mzunguko biti huzungushwa nafasi, hulinganishwa, kisha hujumlishwa. Mwishoni hubaki biti 256, ziwe zimetoka kwenye neno moja au kitabu kizima.

Ndani ya chipu, kuzungusha biti ni kazi ya bure kabisa: unapitisha nyaya kwa mpangilio mwingine, basi. Kinachochelewesha ni kujumlisha. Kumbuka shuleni ukijumlisha 999 na 1: unaandika sifuri unabeba moja, sifuri unabeba moja, mpaka mwisho. Chipu nayo inabeba hivyo hivyo, na haiwezi kuendelea mpaka ile moja ifike mwisho. Kwa hiyo wahandisi hutengeneza saketi inayoweka kando zile za kubeba na kuzimaliza zote kwa pamoja mwishoni.

Kisha wanachagua. Wanaweza kujenga saketi ya mzunguko mmoja na kuitumia mara 64. Hiyo ni ndogo, ya bei nafuu, inayofaa kadi au kifaa kidogo. Au wanaweza kujenga saketi 64 zilizopangwa mstari, kama watu wanaopokezana matofali kwenye ujenzi, kila mmoja akiwa na tofali lake mkononi. Hiyo ni kubwa na inakula umeme, lakini kazi haisimami. Chipu zilizoanza kuuzwa mwaka 2013 kwa ajili ya sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, ambazo hazijui kazi nyingine isipokuwa kupiga SHA-256, zilijengwa kwa kutafuta kasi ya namna hiyo.

Simu janja nyingi za miaka ya karibuni zina sehemu ya hashi ndani ya chipu yake kuu. Unapowasha simu, kabla hujaona picha yoyote, simu nyingi hupiga hashi ya mfumo wake na kuhakikisha hakuna mtu aliyeuchezea.

Kwetu sisi wenye simu

Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima simu bandia, na Juni 2016 Tanzania ikafanya hivyo kupitia mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Simu zilitambuliwa kwa IMEI. Mamilioni ya watu Afrika Mashariki walijifunza kubonyeza *#06# katika siku hizo, na kila namba halali waliyoiona ilikuwa na alama ya Luhn mwishoni. Lakini kama tulivyosema, alama hiyo pekee haitoshi kumfichua mghushi. Ndiyo maana mamlaka zililazimika kuilinganisha kila namba na orodha ya simu halali.

Jambo la pili linahusu pesa. Namba ya simu unayoitumia kutuma fedha haina tarakimu ya ukaguzi. Ukikosea tarakimu moja, namba uliyoiandika inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, na mashine haiwezi kujua kwamba umekosea. Hii ndiyo sababu huduma nyingi za fedha hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Jina hilo linafanya kazi ambayo Luhn aliipa tarakimu ya mwisho. Usilipite bila kulisoma, hata kama una haraka na hata kama unamtumia mtu uliyemtumia jana.

Jambo la tatu ni namba ya siri. Hashi nzuri inaweza kuificha nywila ndefu, lakini namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu. Kompyuta ikiruhusiwa kujaribu yote, itamaliza mara moja, hashi iwe imara kiasi gani. Kinachokulinda ni kwamba mfumo hufunga baada ya majaribio machache, na kwamba wewe hujamwambia mtu. Hakuna chipu inayoweza kumlinda mtu aliyetaja namba yake ya siri kwa anayempigia akijifanya mfanyakazi wa mtandao.

Luhn hakuziona simu hizi. Alifanya kazi wakati kompyuta moja ilijaza chumba, na kadi za karatasi ndizo zilikuwa kumbukumbu za dunia. Aliyoyaacha ni mawazo mawili ambayo mtu yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuyafuata. Mwenye mtoto wa darasa la tano nyumbani na ampe kalamu, karatasi na IMEI ya simu. Akizidisha na kujumlisha bila kukosea, jumla itaishia na sifuri.